Kisu Hakikumuua Mama Yako

Tusekile, kamwene.

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema wao ni wazima. Mimi goti linauma na nina hasira, lakini nimekula, kwa hiyo tuendelee. Wewe umekwenda kanisani kuaga, na najua utachelewa, maana Mama Mchungaji akishaanza kumwombea mtu hamalizi. Mimi nimekaa jikoni kwenye kigoda, karatasi iko juu ya sinia. Shule sikwenda, unajua. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mama yako mgongoni, na mpaka leo nikiandika natoa ulimi nje kama mtoto. Mwandiko usiucheke. Soma tu.

Sikuandikii habari ya sweta wala ya chakula. Shangazi yako Tumpe yupo pale Iyunga, Mbeya, ni dada wa baba yako, na hao Wanyakyusa wanajua kulisha mtu. Kesho utapanda basi hapo Mafinga, jioni utakuwa kwake, na hayo mengine atakuambia yeye mpaka uchoke. Ninachotaka mimi ni kurudi kwenye yale uliyonijibu juzi tukimenya viazi.

Nilikuuliza, "Daktari wa Mbeya akisema titi litoke, utasemaje?"

Ulimenya kiazi kizima ndipo ukajibu. "Kwenda nitakwenda, Bibi. Habari ya kukatwa nitajua huko huko."

"Utajua nini? Walichukua kinyama wakapima, wakakuambia kwa mdomo wao kwamba ni saratani. Unataka wakuimbie?"

"Wewe mwenyewe ulisema kisu ndicho kilichommaliza mama. Ulisema ugonjwa ulikuwa umelala, wao wakauamsha, ukasambaa mwili mzima. Nilikuwa mdogo lakini nilisikia."

Nikachukua kiazi kingine. Halafu nikaanza kukugombeza kwamba maganda unayamenya manene, tutakufa njaa, na wewe ukaweka kisu chini ukatoka nje. Ulidhani nimekukasirikia. Nilikuwa nimekasirika kweli, ila si wewe niliyemkasirikia. Na ndiyo maana naandika. Mimi nikitumia mdomo nakuwa mkali, na wewe ukisikia ukali unanuna kama babu yako, basi mazungumzo yanafia hapo. Karatasi haipazi sauti. Isome ndani ya basi, au isome kule wodini, lakini uisome kabla hawajakuletea fomu ya kukubali kukatwa.

Habari ya mama yako uliyopewa ni nusu. Aliyekupa nusu ni mimi. Hii hapa nzima.

Vumilia alikuwa na mwili wa kazi. Alikuwa anabeba mabanzi kutoka kwenye viwanda vya mbao, anatembeza kwa wenye vibanda vya chipsi, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa askari. Siku moja alikuja hapa jikoni akafungua blauzi akasema, "Mama, hebu shika hapa." Nikashika. Palikuwa na kitu kigumu, kama punje ya njegere kavu, hakiumi. Unaijua kazi yangu. Mikono yangu hii imechua wazazi, imechua waliotenguka, imechua watoto wenye matumbo yaliyojaa. Watu walikuwa wanatoka ng'ambo ya msitu kuja kuchuliwa na mimi, na sifa ile ilikuwa imenipanda kichwani. Nikamwambia, "Maziwa yameganda hayo. Njoo jioni nikukande."

Tusekile, wewe ndiye uliyekuwa mtoto wake wa mwisho kunyonya, na ulikuwa umeshaanza kutumwa dukani. Maziwa gani yalikuwa yamebaki pale? Hilo sikujiuliza. Nilikuwa na jibu kabla ya swali.

Nilimkanda kwa maji ya moto na kitambaa, nikamchua kwa mafuta ya nyonyo. Jioni baada ya jioni. Tulikuwa tunapiga soga, tunacheka, ananisimulia vituko vya vibarua wa mbao. Ninakuambia ukweli, zile jioni zilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Tulikuwa na furaha huku kitu kile kinakua chini ya vidole vyangu. Tulipoanza kupanda mahindi alisema mgongo unamuuma, huku chini. Nikasema ni mabanzi. Nikauchua na mgongo. Mahindi yakabeba, yakakauka, titi likawa jekundu, ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu ikaingia ndani. Tumemaliza kuvuna ndipo baba yako akaja juu, akasema sasa basi, akampeleka hospitali. Titi likakatwa.

Alirudi akakaa hapa nyumbani kipindi. Asubuhi moja aliinama kupuliza moto, akainuka, paja likavunjika. Hakuanguka, hakujikwaa. Mfupa ulivunjika akiwa amesimama, na mlio nikausikia. Kisha macho yakawa ya njano, tumbo likavimba upande wa ini, na mengine unayakumbuka mwenyewe, hata kama hatuyasemi.

Msibani nilikaa kwenye mkeka, wanawake wamenizunguka, na mimi nikasema. Nilisema kwa sauti ili hata wanaume waliokuwa nje kwenye moto wasikie. "Mwanangu alikwenda kukatwa kwa miguu yake. Amerudi, ugonjwa ukamfuata mfupani na kwenye ini. Kisu ndicho kilichousambaza. Msikubali kukatwa." Wakatikisa vichwa. Nani angembishia mama wa marehemu?

Nilihitaji kuwe na mtu aliyefanya, na mtu huyo asiwe mimi. Sasa unajua.

Mama Jose alikuwa pale mkekani. Wewe unamkumbuka kwa pombe yake ya ulanzi, na kwa jinsi alivyokuwa anamtania babu yako kwamba Mbena anakunywa kwa kijiko. Baada ya muda naye akawa na uvimbe kwenye titi. Akauficha chini ya kitenge, halafu akaja kwangu usiku nimchue, kwa sababu hospitali watamkata na ukikatwa unasambaa, si ndivyo nilivyosema. Nilimchua. Alikufa akikohoa, mapafu yamejaa maji, na hakuna kisu kilichomgusa hata mara moja. Hata hapo sikufungua macho. Nikasema amerogwa.

Mwanawe Jose nilishamweleza, mkubwa mwenyewe sasa. Alimaliza chai yake, akaosha kikombe mwenyewe. Bado akitoka Makambako ananiletea sukari. Naipokea.

Aliyenifungua macho ni babu yako, na kwa bei aliyoilipa yeye. Alikuwa anakwenda kukojoa mara kwa mara, anasimama nyuma ya nyumba muda mrefu kama anasubiri gari. Nikimuuliza anasema, "Uzee huo, mama. Hata bomba la kijiji linatoa matone." Mwanaume wa kwetu haisemi habari ya huko chini, hata kwa mke aliyemzalia. Halafu mgongo ukaanza. Amepasua mbao maisha yake yote, kwa nini usimuume? Nikachukua mafuta yangu, nikamlaza hapo kwenye mkeka. Vidole vilipofika chini ya kiuno akaguna. Aliguna vile vile alivyokuwa anaguna Vumilia, mahali pale pale.

Niliondoa mikono. Nikafunika chupa. Nikamwambia, "Vaa suruali, tunakwenda hospitali." Akaniangalia kama mtu aliyesikia jogoo anaongea.

Hospitali ile ya misheni tulimkuta Sista mmoja, Mhehe mwenzangu, sauti nzito, maneno yake hayana sukari. Walipompiga picha na kumpima damu, akaniita pembeni.

"Mama, ugonjwa wa mzee ulianzia kwenye tezi dume, iko chini ya kibofu. Sasa umeingia kwenye mifupa ya mgongo."

"Umeingiaje? Nani amemkata?"

"Hakuna aliyemkata."

"Basi umesambaaje? Ugonjwa huu unasambazwa na kisu."

"Nani kakuambia hivyo?"

"Mimi ndiye ninayewaambia watu."

Akavuta benchi akakaa. Akanivuta na mimi nikakaa. Nilitegemea anicheke, lakini hakucheka. Akasema, "Mama, damu inapita kila mahali. Na kuna mirija mingine myembamba inabeba maji ya mwili, inapitia kwenye vitezi vya kwapani, vya shingoni, vya kinenani. Saratani ikiachwa ikakua, inamomonyoka. Vinatoka vipande ambavyo jicho halioni, vinaingia humo, vinasafiri. Vingi vinafia njiani. Kimoja kikipata mahali panapokifaa kinatulia, kinaanza kujenga. Haisubiri kisu. Inasambaa wakati mtu amelala, wakati anapika, wakati anacheka."

Wakati anacheka. Mwanangu, nilishika ukingo wa benchi.

Nikamwambia, "Kwa hiyo mume wangu ana magonjwa mawili, wa tezi na wa mifupa."

"Ana mmoja. Wewe ukihamia Mbeya utakuwa Msafwa?"

"Nitakuwaje Msafwa?"

"Basi na huu hivyo hivyo. Umehamia mfupani lakini bado ni wa tezi dume, na dawa tutakayompa ni ya tezi dume. Kama ungekuwa umeanzia mfupani tungempa nyingine."

Babu yako, kumbe alikuwa anasikia toka kitandani. Akasema, "Sista, huyu hata umpeleke Ulaya atabaki Mhehe. Atawapiga na mwiko huko huko." Sista akacheka mpaka akashika kitambaa cha kichwa. Mimi sikucheka siku ile. Nimecheka baadaye, mwenyewe, baada ya kumzika.

Nilikaa naye kule muda mrefu, na mtu akikaa wodini anaona mengi. Kitanda cha pili palikuwa na mwalimu mstaafu. Alikuwa anatoka damu chooni akadhani ni bawasiri, akawa anakunywa mizizi. Wake ulianzia kwenye utumbo, ukaenda kwenye ini. Nikamuuliza Sista kwa nini ini na si mgongo kama wa mume wangu. Akasema damu inayotoka tumboni inapita kwenye ini kwanza, lazima, kama vile basi la kutoka Iringa kwenda Mbeya lisivyoweza kuiruka Mafinga. Wodi ya wanawake palikuwa na mama mmoja, wake ulianzia mlango wa kizazi. Ule haukusafiri mbali, uliwaingia majirani. Uliingia kibofu, mkojo ukawa unavuja wenyewe, na ndugu zake walikuwa wanasimama mlangoni wameziba pua. Nilikuwa namwogesha mimi. Aliniambia alianza kutoka damu akiwa na mumewe, akaona aibu kusema. Palikuwa na dereva pia, wa lori la mbao, mvutaji wa sigara. Wake ulitoka kwenye mapafu ukapanda kichwani, akasahau majina ya watoto wake, na nyumbani walishamfanyia maombi ya kutoa mapepo kabla mtu hajafikiria kumpiga picha ya kifua.

Kila mmoja na njia yake. Wa titi, Sista alisema, unapenda mifupa, unapenda mapafu na ini, na mara nyingine kichwa. Akanitajia hivyo, na mimi nikawa namwona mama yako amesimama pale jikoni, paja, macho ya njano.

Unalijua shamba letu la juu, lile linalopakana na msitu wa serikali. Upepo wa kiangazi ukianza, mbegu za mipaina zinaruka, zina kabawa kama la mdudu. Zinaanguka kila mahali. Juu ya bati, barabarani, huku bondeni kwenye vinyungu vyetu vya mboga. Kwenye kinyungu chenye maji umeona mpaina umeota? Hauoti. Lakini lile shamba tulilolipumzisha, mwaka wa pili tu lilishakuwa msitu. Ni upepo mmoja na mbegu zile zile, udongo ndio unaotofautiana. Nilimweleza Sista hivyo, akasema hata madaktari wanasema karibu hivyo hivyo. Mimi nikaongeza la kwangu, ambalo nakupa na wewe: mpaina mchanga hauna mbegu. Ni ule ulioachwa ukakomaa ndio unaorusha. Hujawahi kuona watu wanauogopa msumeno kwamba utatawanya msitu.

Siku ile ndipo nilipoipanga upya habari ya Vumilia. Mgongo ulimuuma tukipanda mahindi. Titi alikatwa tukiwa tumeshavuna. Mgongo ulitangulia, Tusekile. Ugonjwa ulikuwa umeshafika mfupani, umeshakaa, umewasha moto, wakati kisu bado kiko kabatini. Hakikumuua mama yako. Kilichelewa kufika, na aliyekichelewesha ni mimi na mafuta yangu ya nyonyo.

Nilimuuliza Sista kama kuchua kwangu ndiko kulikousukuma. Akasema hilo hawezi kulisema, na hakuna anayeweza. "Kilichomwondoa mwanao ni muda, mama. Muda uliopotea." Nadhani alitaka kunipoza. Lakini muda ule aliokuwa anautaja nilikuwa nao mimi, hapa jikoni, kila jioni.

Sasa twende kwako.

Nilikuwepo daktari wa Iringa alipokuambia. Nilisikia kila kitu, hata ulipojifanya unaangalia dirishani. Alisema uvimbe bado ni mdogo. Alisema kifua na ini vinaonekana safi. Alisema pia kuna kitezi kimoja kwapani hakimpendezi, na wa Mbeya watakitoa wakipime. Hicho kitezi ndicho kinachokukosesha usingizi, nakusikia unavyogeuka. Sikwambii usiogope. Mimi mwenyewe naogopa, ndiyo maana chai inaungua siku hizi. Inawezekana ni kituo cha kwanza na hakijavukwa. Inawezekana kimeshavukwa. Mti unaweza kukatwa na mbegu zikawa zimeshaondoka na upepo, na ndiyo sababu baada ya kisu wanaweza kukupa dripu zile za kutapisha, ziende kuzitafuta huko ziliko. Sijui itakuwaje. Mtu akikuambia anajua, hata akiwa ameshika Biblia, mwogope.

Ila kuna jambo moja nalijua kwa macho yangu. Pale Mafinga kuna Mama Nasrini, yule Mhindi wa duka la vitambaa karibu na stendi, anayekuita "shemeji" ili ununue. Ulipopata majibu nilikwenda kwake, nilitaka kitenge cha kukufungashia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake cha wateja, kitenge mkononi, sinunui wala siondoki. Akaniuliza, "Bibi, umekuja kununua au kulala?" Nikamweleza. Akaenda akarudisha pazia la dukani, akachukua mkono wangu, akauweka kifuani pake upande wa kushoto. Palikuwa tambarare, Tusekile. Ni sidiria imejazwa sponji.

"Tangu Yusufu yuko shule ya msingi," akasema. Yusufu ndiye yule mwenye ndevu anayepiga hesabu kwenye kaunta, ana watoto wake sasa.

Nikamwuliza, "Haikusambaa?"

"Nilikwenda ingali kama punje moja ya hindi. Walikata, nikapewa dripu, nywele zikaanguka zote, mume wangu akasema nimefanana na mjomba wake. Bado nipo, bibi, na bado nakupunja kitambaa."

Hakunipunja siku ile. Kitenge kile chekundu ulichokiuliza, nusu ya bei alikataa kuipokea. Kumbe miaka yote ile nilipokuwa nawaambia wanawake kisu kinaua, pale dukani palikuwa na mtu ninayemnunulia vitambaa, amesimama hai. Nilikuwa sijui kwa sababu anayepona huwa hasemi, anajaza sponji na kuendelea na kazi. Tunaosema ni sisi tuliofiwa.

La kijana wako Festo sikulisahau. Nimekuona ukijiangalia kwenye kioo cha kabati, mkono juu ya titi, na nimejua unamfikiria yeye. Nilimwita jana alipoleta ile meza. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Utamtaka mtu mwenye titi moja?" Alipata tabu, masikini, alikuwa bado ameshika randa. Akasema, "Bibi, mimi sikuja kwa ajili ya titi." Nikamwambia usinidanganye, mlikuja kwa ajili ya yote mawili, nyote ndivyo mlivyo. Akacheka, halafu akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye vumbi la mbao, jicho likawa jekundu. Siwezi kumwapia. Anaweza akakimbia. Wanaume wameshakimbia kwa madogo kuliko hayo, hata kwa jino lililotoka. Lakini uamuzi wako usiuweke mfukoni kwake. Titi ni lako, na mfupa utakaovunjika ni wako.

Na huko Mbeya, ukisikia kitu mwilini, sema. Mama yako alisema mgongo, akajibiwa mabanzi, akanyamaza, kwa sababu aliniamini. Wewe ukisikia mgongo, au mfupa unauma umelala, au kikohozi kisichotaka kuondoka, au kichwa, usikubali mtu akupe jibu la mabanzi. Hata shangazi yako. Hata mimi kwenye simu. Mwambie daktari, mwambie tena kesho yake, uwe msumbufu. Wewe ni mpole mno, na upole huo haukutoka kwangu, kwa hiyo unaweza kuuacha.

Wakikuambia umeshatoka, umefika mfupani au penginepo, sikiliza hivi. Babu yako aliambiwa mifupa, na bado alipanda viazi akavila, akapanda tena, akagombana na mimi kuhusu mbolea. Alikuwa na dawa zake, na alipozidiwa walimpa ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu, na alikufa amelala, si kwa kulia kama mama yako. Vumilia alilia kwa sababu sikujua kuna dawa ya hivyo, nilijua kuchua tu. Kwa hiyo hata huko mbele, kama tutafika huko, hatutakwenda kama tulivyokwenda na yeye. Utarudi hapa. Hakuna atakayekuombea mapepo yatoke, nitasimama mlangoni na mwiko. Na sitakuchua, mwanangu. Nitakushika tu.

Hayo ndiyo mabaya yote niliyonayo. Nimeyasema kwa sababu wewe ulikua ukisikia maneno yangu mengine, na yale nayo yalisafiri. Yalitoka kwenye mkeka ule, yakaingia kwa Mama Jose, yakaingia kwako ukiwa mtoto umejikunja nyuma ya mlango, yakakaa humo miaka yote kimya, na juzi nikayaona yametoka mdomoni mwako tukimenya viazi. Jumapili nimeomba nafasi kwa akina mama kanisani. Nitasimama niseme nilikosea. Wengine watanisema, waache. Lakini kanisa litasubiri Jumapili, na wewe unaondoka kesho, kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza kusikia: lile neno nililosema msibani kwa mama yako nalirudisha. Halikuwa kweli. Mtu akikuambia bibi yako alisema kisu kinasambaza, mwonyeshe karatasi hii, mwandiko ni wangu, unaujua.

Wakikuletea fomu, usinipigie simu kwanza kuniuliza. Nitasikia sauti yako nitalia, na wewe ukinisikia nalia utawaambia waahirishe mpaka wiki ijayo, nakujua. Nipigie baadaye, ukiamka, hata kama mdomo bado mzito. Nitakuwa nimekaa hapa hapa na simu mapajani.

Wakikuletea fomu, andika jina lako.

Bibi yako,
niliyemzaa Vumilia.